Shanga za Mama Jaya

Juzi niliona vijana wametandika mikeka ufukweni, wamefumba macho, mwalimu wao akiwahimiza wavute pumzi. Mara nikaikumbuka harufu ya ubani na vitambaa vipya.

Mama alishona nguo kwenye baraza ya duka la Mama Jaya, Mhindi aliyeketi kila alasiri miguu ameikunja, akipitisha shanga vidoleni. Nilidhani ni rozari, na kwamba Bikira Maria anajua Kihindi. Alasiri moja nilikuwa pale barazani nikikariri sala. Kesho yake katekista, mwalimu wetu wa dini, angetupima sala kabla ya komunyo ya kwanza, na kila nikikosea neno moja nilianza upya, huku nalia.

"Koku, njoo kaa hapa," Mama Jaya akaniita. "Vuta pumzi. Sasa taja jina ya Mungu yako, pole pole."

Nikatoa rozari yangu, nikakaa kama yeye. Cherehani ikanyamaza. Jirani yetu muuza mitumba akacheka.

"Mama Koku, mtoto kashakuwa Mhindi! Komunyo atapewa kweli?"

Nikamtazama Mama kwa hofu.

"Mwache," akasema. "Anatulia mbele ya Mungu. Wewe mwenyewe kanisani unasinzia."

Kesho yake nilivuta pumzi, nikasali mpaka Amina bila kukwama. Sasa nimejisomea, najua zile shanga zilikuwa za sala za Kihindu, si rozari, na bado naogopa kukosea. Lakini najivunia alichofanya Mama baada ya kumjibu jirani: alivua kandambili, akaketi kati yetu, akafumba macho.