Ubavu wa Kulia

Mama alitolewa nje angali hai. Naanza na hilo kwa sababu watu wa rika langu wakisimulia misiba ya zamani hulipita haraka, kana kwamba ni jambo dogo. Alikuwa anapumua. Alikuwa ananijua. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akaja na jirani mmoja, wakambeba pamoja na ngozi aliyolalia, wakamweka chini ya matawi nyuma ya zizi. Mtu akifia ndani, nyumba inachafuka na lazima ihamwe. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Basi nyumba ya udongo na nyasi ikaokolewa, na mama akaachiwa jua.

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, katika vilima vya juu ya Matiliku, nzige wakiwa wamemaliza mtama wetu. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na hapo ndipo nilipoacha shule ya misheni nikiwa darasa la pili, nikashika jembe. Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitano, na nyuma yangu wadogo wawili, wasichana pia.

Alikata roho kabla ya adhuhuri. Baba mkubwa alisimama mbali, upande unakotoka upepo, akasema apelekwe porini kabla jua halijazama. Huko fisi wangefanya kazi yao. Kuzikwa ardhini kulikuwa kwa wazee wenye boma, na kwa wake zao waliozaa wana wa kiume.

"Baba alizikwa," nikasema.

"Baba yako alikuwa mwenye boma. Huyu ameacha nini?"

"Ametuacha sisi."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Nikawaacha wadogo zangu wakifukuza nzi, nikakimbia hadi misheni. Mzee wa kanisa, aliyekuwa akimfundisha mama katika darasa la ubatizo, alinisikiliza hadi mwisho. Alisikitika. Alijua sana kusikitika, yule mzee.

"Mwanangu, mama yako hakumaliza darasa. Alibakiza mafundisho machache tu. Makaburi yetu ni ya waliobatizwa."

"Basi njoo umzike kwetu."

"Kwenu mnatambikia mizimu. Nikionekana huko, watu watasema nini?"

Akaniahidi maombi. Nilirudi nyumbani na hayo maombi yake. Watu wa desturi hawakumtaka kwa kuwa hakuzaa mwanamume, na watu wa kitabu hawakumtaka kwa kuwa alikufa kabla ya mtihani. Nimezeeka sasa, na bado sijui ni wepi kati ya hao niliopaswa kuwaheshimu.

Nilichukua jembe. Kaburi la baba lilikuwa karibu na lango la zizi. Nikapima hatua mbili kutoka hapo, nikaanza. Ardhi ilikuwa ya kiangazi, jembe likirudi juu kama limepiga mwamba. Wadogo zangu walizoa udongo kwa vipande vya kibuyu. Bibi kizee jirani yetu, tuliyemwita susu, yaani nyanya, alikaa mlangoni kwake, hakuvuka ua, lakini mdomo wake ulivuka.

"Nyinyi! Mnachimba kaburi au mnatafuta panya?"

"Kaburi, susu."

"Basi ongezeni kina! Hilo hata mbwa kiwete analifukua!"

Tukaongeza kina. Kisha tukamburuta mama juu ya ngozi yake, sisi watatu, mdogo wa mwisho akishika pembe moja kwa mikono miwili. Niliingia shimoni nikamlaza ubavu, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu, kama mtu aliyelala usingizi. Hivyo ndivyo nilivyoona baba akilazwa. Sikuwa nimeona maziko mengine.

Nilikuwa nimeshaifunika miguu ya mama wakati baba mkubwa aliporudi kuona kama amri yake imetimizwa. Alichungulia, akashika kichwa.

"Umemlaza ubavu wa kulia!"

"Ndiyo."

"Wa kulia ni wa wanaume, mjinga wewe! Mwanamke hulala wa kushoto! Mtoe umgeuze, la sivyo hakuna hata mmoja wenu atakayezaa!"

Sikujua. Nasema ukweli, sikujua. Nani angeniambia? Waliokuwa wanajua walikuwa wamesimama upande wa upepo. Mdogo wangu wa pili akaanza kulia, akasema, "Dada, tumgeuze basi." Nikamwangalia mama, nikaona udongo umeshamwingia kwenye nywele. Wangemtoa, na akishatoka, nilijua, hangerudi humo. Ingekuwa porini.

Nilipanda nje ya shimo, nikamnyooshea baba mkubwa mikono yangu iliyojaa vumbi.

"Wewe unajua kushoto na kulia. Shuka umgeuze."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Shuka, baba. Nitakushika mkono usianguke."

Mtu aliyegusa maiti alikuwa na uchafu, haruhusiwi kula na wenzake wala kumsogelea mke wake hadi atakaswe. Baba mkubwa alilitazama shimo, akatazama mikono yangu. Kutoka kule mlangoni susu akapaza sauti: "Shuka basi, bwana mkubwa! Au ni kinywa tu kinachozika?"

Hakushuka. Tulimfunika mama huku baba mkubwa amesimama pale, na hakuna mtu aliyemgeuza mpaka leo.

Baada ya hapo tulitengwa. Kisimani wanawake walisubiri tuondoke ndipo wachote. Baba mkubwa aliwakataza wazee kutunyunyizia ng'ondu, yale maji ya majani ya kutakasa. Mwishowe susu alikuja mwenyewe na kibuyu chake, akatumwagia kichwani bila adabu yoyote, akisema amemaliza kuzaa zamani na uchafu hauna pa kumshika. Kisha akanikalisha chini, akanifundisha yote: ubavu, kichwa, namna ya kukunja magoti kabla mwili haujakakamaa.

Ndiyo sababu watu walianza kuniita niwazikie maiti wao. Kwanza kwa kunong'ona, baadaye wazi. Hata wa kanisa, ambao maiti zao hulala chali ndani ya sanduku la mbao, waliniita. Mhubiri alijua kuomba, lakini hakuna aliyetaka kuosha.

Miaka ya thelathini ilipokuwa inaisha, mke wa baba mkubwa alikuja kwangu. Nilikuwa nasaga, nikamwacha asubiri hadi nimalize. Nilipofika kwao, nilimkuta baba mkubwa chini ya matawi, nyuma ya zizi lake, macho wazi. Alinijua.

"Mrudisheni ndani," nikawaambia wanawe.

"Dada, nyumba itachafuka."

"Itachafuka. Mrudisheni, au mtafute mwingine wa kumshika."

Walimrudisha. Aliishi siku mbili kitandani mwake, kivulini, akipewa maji. Kisha nikamlaza ubavu wa kulia, kama ilivyompasa.

Watu husema nilimsamehe. Sikumsamehe. Nilitaka ajue, angali anapumua, kwamba kumrudisha mtu ndani kulikuwa kunawezekana siku zote.