Turbo ya Athmani

Naikumbuka vizuri siku kaka yangu Athmani alipomwomba mama apande gari lake, na huikumbuka, mwanangu, kila nikikuona umekiinamia hicho kigari chako cha zamani. Juzi injini, jana turbo ya kuongeza mbio, leo ekzosi ya kuwatoa wazee usingizini. Na Jumapili eti utampakia mchumba wako. Nikikuuliza habari za breki, unacheka. Umenichosha, nakwambia wazi.

Athmani naye alikuwa na kigari cha michezo, cha milango miwili, alichoachiwa na baba yetu. Akakitia injini mpya yenye turbo. Kila jioni alikijaribu kutoka mtoni hadi nyumbani Gatitu, maana kwetu dereva hupimwa mlimani: ukimpita mwenzako kwenye mwinuko, basi wewe ndiwe mwanamume. Kumbe kwenye mwinuko ukiondoa tu mguu kwenye mafuta, gari hupunguza mwendo lenyewe. Akishuka, alishuka polepole ili injini ipoe. Breki zile kuukuu hakuwahi kuzitegemea hata siku moja, akadhani ni nzima.

Siku hiyo mama alikuwa akienda mjini kumzuru mgonjwa. Akasema atatembea, kwani hana haraka. Athmani akamfungulia mlango.

"Mama, ingia tu. Hii gari saa hii ni ingine kabisa."

Mimi nilijikunja nyuma, mahali pasipomtosha hata mbuzi. Kwenye mteremko Athmani akakanyaga mafuta ili mama aone. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tulipofika kwenye kona alikanyaga breki, na gari likaendelea vilevile. Tuliupenya ua wa shamba, tukatokea katikati ya mibuni ya watu.

Mama alikaa chini akiushika mkono wake uliovunjika. Hakupiga kelele.

"Athmani, ya kukimbia umeweka. Ya kusimama ulikuwa unangoja nini?"

Mkono ule haukunyooka tena. Hadi mama anafariki, Athmani ndiye aliyekuwa akimfunga kilemba kila asubuhi, tena kwa upole, na hakuna aliyemwona akijisifu kwa gari tena.

Basi nisikilize, ingawa najua kusikiliza kwenu vijana ni kazi. Turbo irudi sandukuni. Weka kwanza breki mpya, mbele na nyuma, na tairi zinazoshika lami. Kisha zijaribu kwenye mteremko, ukiwa peke yako. Ukiridhika, ndipo uongeze nguvu, na kila ukiongeza nguvu, rudi tena kwenye breki. Jumapili mwende kwa miguu au mpande gari la abiria. Binti wa watu si wa kujaribia injini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe umri na akili ya kuutumia, awafikishe mnakokwenda, mkiwa na mikono yenu yote minne.