Siku Baba Alipoikubali Orkestra ya Sauti

Mjomba wangu, mdogo wake mama, nilimuua mimi. Nilimuua kwa mdomo, mchana kweupe, uani kwetu, na ukoo mzima ukamlilia siku tatu. Nasema hivi mapema ili anayesoma asinionee huruma mno. Nilikuwa na miaka ishirini, akili zangu timamu, na hakuna aliyenituma.

Lakini kwanza niueleze ugomvi.

Nyumbani kwetu Baraka, kando ya ziwa, palikuwa na dini mbili. Sisemi ile ya Jumapili na ile ya Ijumaa. Hizo hazikutugombanisha hata kidogo. Jirani yetu, mama Mwislamu aliyeuza samaki, alituletea sahani siku ya Idi, nasi tukampelekea yake siku ya Noeli. Ninazosema ni orkestra mbili za zamani za Kinshasa, zilizovuma wakati wazazi wangu wangali vijana. Majina yake siyaandiki. Anayezijua atazitambua, na nikiziandika nusu ya wasomaji watanifungia kitabu usoni. Kwetu zilikuwa na majina ya nyumbani: ya Magitaa na ya Sauti.

Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mtu wa Magitaa. Mjomba alikuwa wa Sauti. Kazi yake ilikuwa kupanda na chumvi na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, hadi Minembwe mlimani, kwa miguu, na kushuka na maharage. Na radio yake ya kaseti ilipanda na kushuka naye, imefungwa begani kwa kipande cha kitenge cha kijani. Walikuwa mashemeji, na mashemeji kwetu wana ruhusa ya kutaniana mpaka mgeni adhani wanapigana.

"Mwimbaji akipata mafua," baba aliuliza kila mara, "orchestre inabakia na nini?"

"Gitaa inaliaka," mjomba alijibu, "lakini haijue inalia juu ya nini. Muntu njo anajua." Njo kwetu ni "ndiye".

"We hauna masikio ya gitaa."

"Na we unapenda gitaa juu balikufukuza mu chorale!"

Hilo lilikuwa kweli. Wanakwaya walimwomba baba, kwa heshima zote, akamtumikie Bwana kwa njia nyingine. Akikumbushwa, alikwenda kuzigeuza betri tulizoanika juani zipate nguvu. Mama hakuwa na upande. Alisema orkestra kubwa ni ile iliyozimwa.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkubalia mwenzake hata kwa ukucha. Kuna mwaka baba alishikwa na homa hadi akawa haoni vizuri. Mjomba akaja, akakaa kando ya kitanda, akamkanda paji la uso kwa kitambaa chenye maji, kisha akasema kwa upole, "Shemeki, kubali tu, utapona." Baba, meno yakigongana, akatikisa kichwa. Mjomba akatoka nje anacheka na kufuta machozi kwa pamoja, akatuambia huyu hafi.

Vita ilipozuka kwetu mara ya pili, ilimkuta mjomba juu mlimani. Barabara ya Fizi ikafungwa, njia za miguu nazo zikafungwa, na sisi wa chini tukaanza maisha ya kukimbilia mashambani, kurudi, na kukimbia tena. Majirani wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Baba naye alitaka tuvuke. Mama alikataa katakata. "Ndugu yangu akirudi, atanikuta wapi?" Basi tukabaki. Miezi mitano ikapita bila neno. Kila aliyeshuka kutoka juu mama alimpa kiti na maji, akamuuliza habari za mtu mwenye radio na kitenge cha kijani. Wote walimjua, hakuna aliyemwona.

Ndipo nikaenda Swima kununua ndakala.

Nilikiona kile kitenge kabla sijaiona radio. Ilikuwa juu ya turubai, kati ya sufuria zilizotumika na viatu visivyo na wenzake. Nikachuchumaa. Ufa wa kona, niliouzoea tangu utoto, ulikuwa pale pale. Nikabonyeza, kifuniko kikafunguka, na ndani ilikuwamo kaseti ya Sauti, yenye mwandiko wa mjomba mwenyewe. Mwenye turubai alisema ameipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Mtu wa akili angeuliza: mtu gani? wapi? lini? Mimi sikuuliza. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba mjomba, akiwa hai, haiachi radio ile. Angeuza suruali aliyovaa kwanza. Na si mimi tu. Hata sasa ukimuuliza yeyote wa mtaa wetu atakwambia angeamini vile vile. Yule mwuzaji aliona uso wangu, akanipa kaseti bure, akasema utepe wenyewe umechoka.

Nilirudi Baraka sina samaki. Mama alikuwa anatwanga sombe, kisamvu chetu. Nilimpa kaseti mkononi nikasema, "Mama, mujomba alikufa." Sikusema nimeona radio yake, wala sikusema naogopa. Nilisema alikufa. Mchi ulimwanguka, na kilio alichotoa kikawaleta watu kabla sijafungua mdomo tena.

Tulikaa matangani bila mwili. Wanaume walileta kuni, wanawake walileta unga na mawese, pasta akaomba, jirani yetu Mwislamu akapika kana kwamba ni kwake. Siku ya tatu ikafika saa ya kumaliza maneno. Kwetu, mtu aliyekuwa na maneno na marehemu huyamaliza hapo hapo, mbele ya watu, ili yasibaki yanamfuata yeye na watoto wake. Akasimama mmoja, akasema walizozana juu ya mpaka wa shamba, amesamehe. Akasimama wa pili. Kisha baba akasimama.

Sijawahi kumwona baba amesimama vibaya vile. Mwalimu husimama wima, hata nyumbani. Siku hiyo alishika nguzo ya turubai.

"Shemeki," alisema, akitazama chini, "miaka yote ulikuwa unaniomba kitu kimoja tu, nikakunyima. Leo nasema mbele ya bantu bote. Ya Sauti njo mukubwa. Umenishinda. Lala muzuri."

Nusu ya uwanja walikuwa mashabiki wa Sauti tangu zamani, na hakuna aliyepiga hata kofi moja. Watu walilia upya, kwa sauti, wanaume wazima. Nami nililia, lakini kilio changu kilikuwa na kitu kingine ndani yake. Nilimsikia tena kichwani mwuzaji wa Swima akisema "mtu aliyeipata kwa mtu mwingine", na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: mtu gani? Sikumwambia mtu. Ningesema nini, watu wameshakula ugali wa matanga?

Baada ya hapo mama hakuwa na sababu ya kungoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuvuke. Baba alitafuta nafasi kwenye boti. Tukafunga nguo kwenye mashuka, tukagawa kuku, na kaseti za Magitaa baba akazifunga katika mfuko wa nailoni bila kuzisikiliza. Tangu siku ile hakuwasha muziki. Boti ilikuwa ya Alhamisi. Kila nilipopita karibu na yale mafurushi niligeuza uso. Kama mjomba yu hai, mimi ndiye niliyekuwa nawaondoa waliopaswa kumngoja.

Jumanne, jua likiwa bado kali, jirani yetu alipiga ukelele upande wa pili wa ua. Haukuwa ukelele wa hatari. Alikuwa anasema "Alhamdulillahi" mara nyingi mfululizo, sauti ikipanda, na beseni lake la samaki lilikuwa limepinduka njiani na wala halitazami. Nyuma yake alikuja mtu mwembamba, mwenye kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, anatembea kwa fimbo. Mabega yake hayakubeba kitu.

Mama hakukimbia. Alimwendea polepole, akamshika sikio, kama anavyoshikwa mtoto mkorofi, akalivuta. Mjomba akamwita dada, kama zamani: "Yaya, inauma." Hapo ndipo mama akaanguka juu yake, wote wawili wakakaa chini vumbini. Nilisema asante Mungu mara moja tu, lakini kwa mwili mzima.

Habari yake ilikuwa fupi. Vita ilipoanza, mfugaji mmoja wa huko juu, upande wa Bibokoboko, mteja wake wa chumvi wa miaka mingi, alimficha katika nyumba ya ndama. Humo akashikwa na malaria. Mganga wa zahanati alikuwa na vidonge vichache na hakuvitoa hivi hivi. Mfugaji akamuuliza mjomba, ana nini cha kutoa? Akaitoa radio. Baadaye mganga naye akakimbia, na radio ikaanza safari zake hadi Swima.

"Niliitoa nikiwa nalia," mjomba alisema. "Ule mufugaji aliwaza nalia juu ya homa."

Jirani yetu hakuweza kungoja zaidi. Alipiga makofi. "Na habari nzuri bado hujaisikia! Shemeki yako alikubali! Alisimama hapa, mbele yetu bote, akasema ya Sauti njo mukubwa!"

Nilitazama uso wa mjomba ili nione furaha. Miaka yote ile aliomba neno hilo moja. Lakini uso wake ulikunjamana. "Alikubali?" aliuliza. "Yeye mwenyewe?" Akakataa maji.

Baba aliitwa kutoka shuleni, akaja mbio, chaki mikononi. Alimkumbatia mjomba hadi nikaogopa atamvunja. Alipomwachilia, mjomba alibaki amemshika shati.

"Shemeki, balisema ulikubali."

"Nilikubali," baba alisema, analia na kucheka. "Umenishinda, umenishinda. Hata leo nasema."

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Rudisha maneno yako!" Mjomba sasa alikuwa anapiga kelele, mtu ambaye dakika chache nyuma hakuweza kusimama bila fimbo. "Kule juu, mu nyumba ya ndama, nilikuwa najiambia: bote batachoka kuningoja. Hata yaya atachoka, atalia, atamaliza. Lakini shemeki, na kichwa yake ile ya mawe, hatakubali, na kama hajakubali, nikirudi tutaendelea. Njo kitu nilikuwa nashika. Na we ukakubali! Ulinizika kabisa!"

Baba akafuta macho kwa mkono wenye chaki, uso ukabaki mweupe nusu.

"Maneno ya matangani hayarudishwi na muntu mbili," alisema. "Inaomba bale bale benye walisikia."

Basi tukawaita. Waliokuja kulia walikuja tena wote, na zaidi yao, wengine wakiwa na kuku tuliowagawia wenyewe, wanaturudishia. Pasta alikuja, watu wa kwaya walikuja. Alasiri ile ile baba alisimama pale pale aliposhika nguzo, safari hii wima kama mbele ya darasa.

"Bandugu," alisema, "siku ile nilikuwa na huzuni, na muntu wa huzuni haiko na masikio. Mi narudisha maneno yangu. Ya Magitaa njo mukubwa. Ilikuwa mukubwa, iko mukubwa, na itabakia mukubwa. Huyu muntu nilikuwa namuonea huruma tu."

Loo! Wale mashabiki wa Sauti, walionyamaza kwa heshima siku ya matanga, waliruka wote kwa pamoja. Hairudishwi! Umeshasema! Mzee mmoja wa kanisa alidai ni dhambi kumdanganya maiti. Mwingine akamjibu maiti gani, maiti si yule anakula ndizi. Na mjomba, ndizi mdomoni, alikuwa ameshasimama kifua kwa kifua na baba, anamwonyesha kidole, anamuuliza kama gitaa limewahi kuita jina la mtu. Kwa miezi mingi tulikuwa tumezoea kuongea chini chini. Siku hiyo uwanja mzima ulipiga kelele kwa ajili ya muziki, na hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza. Mama alifungua mafurushi mwenyewe, akatoa sufuria. Boti ya Alhamisi iliondoka bila sisi.

Mimi nilikuwa nimejificha jikoni. Mjomba alikuja akaegemea mlangoni, anahema.

"Balisema weye njo uliniua," alisema.

"Ni mimi, mujomba. Unisamehe." Nilishindwa kumtazama.

"Wache hiyo. Niambie kitu kimoja: orchestre gani iko mukubwa?"

Tangu utoto wangu nilikuwa wa Sauti, na yeye alijua, kwa maana ndiye aliyenifundisha maneno ya nyimbo zile nikiwa mgongoni kwake. Nilikuwa na deni la kumfurahisha, na ilitosha kusema neno moja. Lakini nilikuwa nimemwona alivyokunja uso alipopewa ushindi.

"Ya Magitaa," nikasema.

"Bongo! Unasema uongo!" mjomba alipiga kelele, na uso wake wote ukafunguka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaanza kunieleza tangu mwanzo kwa nini ni ya Sauti.