Foki Ndani ya Kanzu

Mimi ni mwalimu wa lugha, mtu wa kupima kila neno; ndiyo maana kisa hiki chaniuma.

Mpwa wangu Athumani na rafikiye Kazungu huunda programu huria ya sarafu za kidijitali barazani kwangu, Kisauni. Juzi Athumani alifuta kazi ya mwenziwe bila kumwuliza. Nikamsikia Kazungu akipaza sauti: "Basi naifoki leo leo, tuone utabaki na nani!"

Uani mlikuwa na jembe langu la meno, ambalo sote twaliita foki. Sikio langu lingetambua kwamba "naifoki" ni kitenzi, lakini hofu haina sarufi. Nililitwaa jembe, nikalificha ndani ya kanzu, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Kazungu akitoka.

"Marahaba. Foki hulipati ng'o!"

Akaduwaa. "Kufoki ni kunakili programu, mwalimu, nikaiendeleze peke yangu. Yaruhusiwa."

Nikajibu kwa utulivu kwamba hilo nalijua.

"Na huo mpini, mjomba," akauliza Athumani, "mbona umechomoza shingoni?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Kazi yako nairudisha," Athumani akamwambia mwenziwe.

"Nami siendi," akajibu Kazungu. "Mzee huyu nitamwachia nani?"