Bodi Niliyoificha Ghalani

Mwanangu, kuna siku moja inayonijia hata nikiwa napukuchua mahindi, wakati ambao akili ya mzee ingepaswa kutulia. Sikuwa kijana siku hiyo. Nilikuwa na mvi, nilikuwa na fimbo, na nilikuwa nimekwisha kuitwa babu. Nakuambia hili mapema ili usidhani kwamba ujinga hung'oka pamoja na meno ya mbele.

Mjukuu wangu Wekesa nimemlea mimi hapa Bumula, kwa sababu baba yake, mwanangu wa kuzaa, na mkewe walipata kazi mbali. Mama yake ni wa jamii ya Wakikuyu waliokaa mahali paitwapo Kwanza, upande wa Kitale, tangu zamani. Kaka yake mama huyo anaitwa Njoroge, naye ana duka la vipuri vya trekta mjini Kitale. Sasa, kwetu Wabukusu, siku moja kabla ya kutahiriwa, kijana huenda kwa mjomba wake. Mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha shingoni luliki, ule ukanda wa nyama ya kidari, na kijana hurudi kwao akikimbia na kuimba. Hiyo ni kazi ya mjomba. Hata baba mzazi haigusi.

Wekesa alipofika umri wa kutahiriwa, nilikuwa na hakika kwamba Njoroge hataiweza kazi hiyo, maana desturi si yake. Nilikwisha kujiandaa kusifiwa. Nitatafuta ng'ombe mwenyewe, nikawaza, na watu waseme Wanjala ni babu na ni mjomba pia.

Kumbe Njoroge alimwendea mzee mmoja wa Kibukusu, jirani yake kule Kwanza, akamuuliza. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza mpaka mahali pa kupitisha kisu. Wekesa aliporudi, nyama ilikuwa imemkaa shingoni sawasawa. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu kwa midomo tu. Wivu ni dumuzi, yule mdudu wa ghalani, mwanangu. Gunia unaliona limejaa, ukilishika unapata unga.

Kijana akatahiriwa, akapona. Hapo ndipo ilipoingia habari ya kompyuta. Wekesa alikuwa akitamani mashine ya kuchezea gemu, hasa ule mpira wa kwenye skrini ambao vijana hupigia kelele kuliko mpira wa uwanjani. Mashine mpya ya dukani hatungeiweza. Lakini inawezekana kukusanya vipande kidogo kidogo na kuviunganisha nyumbani, na Njoroge alianza. Alikuja na kasha la chuma, kifaa cha umeme, memori, na bodi ikiwa ndani ya boksi lake, ile vijana huiita madabodi, ambayo vitu vingine vyote hupachikwa juu yake.

Akaniambia mbele ya watu, kwa heshima, "Mzee, prosesa tumekuachia wewe, ili mashine iwe yetu sote. Wekesa ameshachagua ile ya kufaa."

Mtu mwenye moyo safi angesikia amekaribishwa. Mimi nilisikia nimetupiwa makombo.

Jioni ile Wekesa alinieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha ng'ombe mpya njia ya mtoni. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine. Watengenezaji wakubwa ni wawili, na kila mmoja ana kiti chake juu ya bodi. Prosesa ya huyu haikai kwenye kiti cha yule. Hata mtengenezaji mmoja hubadilisha viti miaka ikipita. Yeye alitaka prosesa ya kiasi, yenye uwezo wa picha ndani yake, ili asinunue kadi ya picha kwa sasa.

"Kuka," akasema, maana ndivyo tunavyowaita babu zetu, "usiangalie namba kubwa. Angalia kiti."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia si kutii.

Nilikwenda Bungoma mjini peke yangu, nikaingia duka moja la kompyuta na kumwambia muuzaji anipe prosesa kubwa kuliko zote alizonazo.

"Bodi yako ni gani, mzee?" akaniuliza.

"Bodi ni nzuri. Wewe nipe prosesa."

"Si ungekuja na kijana, bana. Hizi vitu zinachaguana."

"Ati nije na mtoto kununua zawadi ya mtoto?"

Akainua mabega. Akanipa moja iliyokwisha kutumika, yenye namba ndefu iliyonifurahisha macho, akasema, "Ukishatoka hapo mlangoni nayo, mimi sirudishi." Nikatoka kifua mbele. Nilikuwa nawaza sura ya Njoroge atakapoambiwa kwamba kitu kidogo cha Wanjala ndicho chenye nguvu kuliko lile lichuma lake lote.

Wekesa alikuwa shuleni. Nikataka akirudi akute kazi imekwisha. Nikafungua boksi la bodi, nikaondoa kifuniko cha kile kiti, na ndani nikaona vijimeno vya shaba, vyembamba kama ndevu za hindi changa, vimejipanga safu kwa safu. Nikageuza prosesa yangu. Nayo ilikuwa na meno chini. Meno kwa meno. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaiweka, na ilipokataa kukaa, nikaigandamiza kwa kidole gumba, vile ninavyogandamiza punje kujua kama mahindi yamekauka.

Nilisikia sauti ndogo tu. Nilipoinua, meno ya bodi yalikuwa yamelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Kufikia hapo lilikuwa kosa la mikono, na kosa la mikono husamehewa. Nisikilize sasa kosa la ulimi. Niliifunga bodi kwa gazeti nikaificha ghalani, nyuma ya magunia. Wekesa alipofika nikamwambia, "Bodi ya mjomba wako ilikuja imekufa. Fundi niliyemwonyesha ameitupa. Sijui, labda alikuokotea mabaki."

Aliniangalia kidogo. "Mjomba hawezi, Kuka."

"Watu wa biashara, mjukuu wangu."

Akampigia Njoroge simu. Nilikaa karibu nisikie. Njoroge hakubisha hata neno. Alisema, "Pole, mpwa wangu. Labda nilidanganywa. Nitaenda kwa aliyeniuzia." Baadaye tukasikia wamegombana vibaya na huyo muuzaji, mtu waliyezoeana miaka mingi.

Nami nikaenda kununua bodi nyingine, hafifu, inayokubali prosesa yangu, na kadi ya picha iliyochoka, maana prosesa yangu haikuwa na picha ndani yake. Mashine ikawaka. Vijana waliotahiriwa pamoja na Wekesa wakaja kutazama, wakajaa sebuleni, mpira ukaanza. Prosesa kubwa juu ya bodi dhaifu ni fahali aliyefungiwa kwenye mkokoteni wa punda. Feni ikavuma, kasha likapata moto, na Wekesa alipokaribia kufunga bao, skrini ikazima. Wakaiwasha, ikazima tena.

"Wekesa," mmoja akasema, "hii ni kompyuta ama posho mill?"

"Leta gunia tusage," mwingine akadakia.

Wekesa akacheka nao. Walipoondoka akaniambia, "Ni sawa, Kuka. Asante." Muda mfupi baadaye simu yake ikalia; alikuwa Njoroge. Kijana akaitazama simu mpaka ikanyamaza.

Mwanangu, nilifurahi. Hapo ndipo penye aibu yangu yote. Nilimwona mtoto akimgeuzia kisogo mtu aliyempenda, nikafurahi kama aliyepata mvua.

Njia ya mwongo ni fupi. Dada yangu mkubwa, Nasambu, alikuja kuchukua mahindi ya kusaga, akasogeza gunia, akatoka na lile gazeti mkononi. Hajui kompyuta, lakini ananijua mimi. Akakaa kwenye kigoda, akalifungua polepole.

"Wanjala, hii ni nini?"

Nikamweleza yote, maana kumdanganya Nasambu ni kazi bure.

Akaiweka bodi mapajani, akasema, "Unakumbuka njuga za Barasa?"

Nilikuwa nimejitahidi sana kutozikumbuka. Barasa alikuwa binamu yetu, tulitahiriwa pamoja. Sauti yake ilikuwa tamu, na tulipozunguka kualika jamaa kwenye tohara, alipopiga njuga watu walimfuata yeye, mimi wakaniacha barabarani. Nikaziiba njuga zake nikazificha kwenye ghala la wimbi. Baba yetu alipozigundua hakunipiga. Alinifanya nizirudishe mbele ya watu, kisha siku nzima nikatembea nyuma ya Barasa nikiitikia nyimbo zake.

"Ulikuwa kijana, tukasema atakua," Nasambu akaendelea. "Kumbe umeota mvi tu. Wewe ulitaka nini hasa? Shingo ya kijana ni moja, haivishwi luliki mbili. Ya mjomba ni ya mjomba. Wewe una yako: mtoto umemlea kila siku, nani amekunyang'anya?"

Akanitia bodi mkononi.

"Basi nenda Kitale. Na uende naye."

Tukaenda, mimi na Wekesa, bodi ikiwa mapajani mwangu. Sikumwambia njiani. Nilisema yote dukani kwa Njoroge, nimesimama, kijana akisikia. Njoroge alikuwa na grisi mikononi; akaendelea kuifuta kwa kitambaa hata baada ya kuisha.

"Mzee," akasema hatimaye, "mimi nilimwita rafiki yangu mwizi mbele ya wateja wake."

"Najua."

"Basi twende umwambie na yeye."

Tukaenda kwa huyo muuzaji wa kompyuta, nami nikarudia maneno yale yale mbele ya watu waliokuwa wakinunua chaja. Yalikuwa mazito zaidi mara ya pili. Walipeana mikono, yeye na Njoroge. Mimi nilipewa kiti, si mkono.

Bodi niliilipa, ikanunuliwa nyingine kama ile. Wekesa na mjomba wake wakachagua prosesa ya kiasi, ile ile aliyoitaka mwanzo, wakaipachika bila kutumia nguvu, na mpaka leo mashine hiyo haijazima katikati ya mchezo. Kijana alinisamehe kwa mdomo siku ile ile. Ananiamkia vizuri, ananiletea chai. Lakini siku hizi nikimwambia mvua inakuja, hunisikiliza kwa adabu, kisha hutoka nje kuangalia mwenyewe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ana jina.

Basi, mwanangu, shika haya. Ukitaka kujenga kompyuta ya gemu na mfuko wako ni mwembamba, jua kwanza utacheza nini. Prosesa na bodi vichague pamoja, siku moja, kama mtu anavyochagua kufuli na ufunguo wake. Usitishwe na ukubwa wa namba, uliza kiti. Usiweke mnyama mkubwa juu ya bodi inayotetemeka, na kama ya kiasi inakutosha, chukua ya kiasi, juu ya bodi itakayokubali kubwa zaidi kesho. Kitu kikikataa kuingia, ondoa mkono.

Na mtu akimpenda mtoto wako, usimhesabu kuwa mwizi. Mtoto hapunguki kwa kupendwa na wawili. Ukiona wivu unakupanda, uuseme kwa mtu unayemwamini wivu ungali mdogo, kabla hujaupatia mahali pa kujificha. Na ukikosea kwa mkono, kimbia ukiri kwa mdomo siku hiyo hiyo. Ukichelewa, mdomo utatafuta kazi nyingine.

Mungu akupe jicho linalofurahia cha mwenzako. Akupe wajomba wengi na usimwogope hata mmoja. Na utakapokuwa mzee, useme mvua inakuja, na watoto wako waanue nguo, bila kwanza kutazama juu.