Pini Mdomoni mwa Kifungo

Dada yangu ni fundi cherehani, na sebule yake ndiyo duka lake. Meza ya kukatia ipo pale ambapo wengine wangeweka makochi, cherehani iko dirishani, na familia inakula chumbani, sahani mapajani, maana tone moja la mchuzi likidondokea kitambaa cha mtu ni kesi. Mimi huenda kumsaidia vifungo, na kumwambia ukweli ambao wateja wanauogopa.

Akiwa kazini hubana pini kwa midomo, vichwa nje, ncha ndani. Hawezi kusema. Basi nyumba nzima imejifunza lugha yake: "mm" moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Shemeji yangu hudai kwamba siku alipomposa alijibiwa "mm", na mpaka leo hajui kama alikubaliwa au fundi alichomwa na pini. Tunacheka sana. Lakini nimewahi kumwona mtoto wao wa mwisho, tunayemwita Kifungo kwa udogo na uduara wake, akimsimulia mama yake habari ndefu ya paka wa jirani, mwanzo hadi mwisho, na mama anaitikia mm, mm, macho yakiwa kwenye kola ya mtu. Iliniuma, nikanyamaza. Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye kodi ya kulipa hachagui la kuponyoka.

Siku moja bi harusi alikuwa amesimama juu ya stuli, gauni limemkaa vizuri kila mahali isipokuwa pindo. Harusi ilikuwa kesho yake. Shangazi yake alikaa mlangoni na mkoba mapajani, akihema kama aliyekimbia.

"Fundi, ulituahidi asubuhi. Hii ni asubuhi ya wapi?"

Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni. Akasema mm. Nikasikia harufu ya wali unaoungua, nikakimbilia jikoni.

Niliporudi ndipo nilipomwona Kifungo. Alikuwa chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa, mdoli wake miguuni. Midomo ameibana. Vichwa vya pini, vyekundu na vyeupe, vilikuwa vimejipanga mbele yake sawasawa na vya mama yake.

Sikuthubutu kupiga kelele. Nilimgusa dada begani, nikamwonyesha kwa kidole. Akazitemea pini zake kiganjani, polepole.

"Mungu wangu, mtoto atameza!" Shangazi alikuwa ameinuka.

Kifungo akashtuka, kifua kikapanda. Sote tulijua: akilia atavuta pumzi, na akivuta pumzi pini zitaingia nayo. Dada akamgeukia shangazi wa bi harusi akitabasamu, ili mtoto asione hasira.

"Shangazi, kaa chini," alisema kwa upole kabisa. "Ukipaza sauti tena, gauni hilo nalichana."

Shangazi akakaa.

Dada akatambaa mpaka chini ya meza, akakaa, akatandaza sketi yake mwenyewe.

"Hodi, fundi."

Kifungo akamtazama kwa makini. "Mm."

"Pindo langu limeachia. Utanitengenezea?"

"Mm."

"Basi anzia hapa. Chukua pini moja tu."

Mtoto akatoa moja, akaichoma kwenye sketi. Ikapita mpaka kwenye paja. Dada hakutikisika. "Vizuri sana, fundi. Nyingine." Nyingine ikaingia, kisha nyingine, moja moja. Juu ya stuli bi harusi alikuwa analia kimyakimya.

Pini ya mwisho ikateleza, ikapotea ndani ya midomo. Kifungo akatulia tuli, macho yamemtoka. Nilifumba yangu.

"Fundi," nilimsikia dada, sauti ileile, "nitolee ulimi nione kama unafanana rangi na sketi yangu."

Nilipofumbua, ulimi ulikuwa nje na pini imelala juu yake. Dada aliiokota kwa ncha za vidole viwili. Akamwambia aachame, akachungulia huku na huku, juu na chini. Hamna kitu. Kwenye sketi yake vidoa vya damu vilikuwa vimeanza kujitokeza.

"Asante, fundi," alisema, na sasa ndipo sauti ilipotetemeka. Akafungua mikono. "Njoo kwanza mama akupakate."

Kifungo alikuwa ameshamrudia mdoli wake. Hakuinua hata kichwa.

"Njoo kesho," alimwambia. "Leo nina kazi."

Shangazi alicheka, akadhani ni utani wa mtoto. Dada yangu, ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi mbele ya mteja, alifunika uso kwa mabaki ya vitambaa na kulia kwa sauti. Aliendelea kukaa pale chini ya meza, akimsubiri fundi amalize. Bi harusi akanitazama, nami nikachukua sindano.

Pindo la gauni lile nililimalizia mimi. Halikunyooka.