Kashata za Maji Kujaa

Mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka wa vita vya Maji Maji, nilifiwa na mume wangu. Wiki hiyohiyo askari walichoma ghala letu la Mkongo, mtama na mpunga pamoja. Tulitoka na kikapu cha ufuta, mtama kidogo na kibuyu cha asali, kwa sababu hivyo vilikuwa ndani, chini ya kitanda.

Tulikuwa wanawake watatu: mimi, wifi yangu na mama mkwe. Tuliufuata mto mpaka visiwa vya mdomoni mwake, ng'ambo ya Nyamisati, alikozaliwa mama mkwe kabla ya kuolewa kwetu Mkongo. Ndugu zake walitupa kibanda cha miti ya mikoko, kimeinuliwa juu ya nguzo.

Mama mkwe alikuwa hali chakula. Marehemu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Siku ilipofika habari alilia sana, kisha akanyamaza, na tangu hapo hakusema na mtu. Uji tulimlazimisha, naye alimeza kidogo akageukia ukuta. Mikono yake ilibaki mifupa. Niliogopa kufiwa tena.

Moto tuliwasha alfajiri tu, ukungu ungali juu ya mikoko, ili askari wasione moshi. Kutwa tulikula vitu baridi. Wifi alishinda matopeni akitafuta kaa, akataka kitu cha kutia mdomoni upesi bila kurudi nyumbani. Nikasema nitapika kashata za ufuta na bisi za mtama. Marehemu alikuwa akizichukua shambani, akila huku analima.

Nilikuwa katika eda, kwa hiyo maji alichota wifi siku zote. Asubuhi ile alikuwa amelala kwa uchovu, nikamwonea huruma. Nilikaanga ufuta mpaka ukaanza kurukaruka, nikapasua bisi, nikazitwanga kidogo. Asali ilikuwa kidogo. Niliona niiongeze maji ipate kuenea. Nikachungulia nje, na maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye ngazi yetu. Nilifurahi kwamba sitakwenda mbali. Nikachota palepale.

Asali ikachemka, ikashika. Nikachanganya, nikamimina juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta ya nazi, nikakandamiza kwa kitako cha kata, nikakata ingali na moto. Zilipendeza kutazama.

Wifi alipoamka akauma kipande. Akaacha kutafuna.

"Wifi," akasema, "kwenu kashata mnatia chumvi?"

"Chumvi gani? Sina hata punje."

"Basi umeitoa wapi? Kaa mwenyewe angeomba maji hapa!"

Nikaonja. Kweli, ilikuwa chumvi tupu, na asali yote imekwisha. Nikakaa chini nikaanza kulia. Sijui nililia kwa ajili ya asali au ya mume wangu.

Mama mkwe akageuka kutoka ukutani. Akanyoosha mkono. Wifi akampa kipande, ananitazama mimi.

Mama mkwe akatafuna polepole, kwa meno ya upande mmoja.

"Umechota yakijaa," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Maji ya kujaa ni ya bahari. Mto hushuka yakipwa. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, Mama. Kwetu mto ni mto saa zote."

"Wewe nawe," akamwambia binti yake, "umekaa naye siku zote hizi, mdomo unao wa kucheka tu?"

Wifi akainama, mabega yakitikisika. Nami kicheko kikanitoka na machozi hayajakauka. Nilimtazama mama mkwe nikitaraji atakirudisha kile kipande. Hakukirudisha. Alikimaliza, akalamba vidole, akasema, "Ufuta umeukaanga vizuri," akaomba kingine.

Alikula vitatu siku ile. Hakuacha kulia usiku, wala mimi.

Kesho yake kabla ya jua alinishika mkono tukashuka ngazi pamoja, yeye akijishikilia kwenye nguzo. Maji yalikuwa yanarudi, matope yameanza kuonekana. Akachota kiganjani, akaonja, akatema.

"Bado."

Tukakaa kwenye kipago cha chini tukingoja. Baadaye akachota tena, akaonja, akameza.

"Haya," akasema. "Chota."

Nikachota.